Kitabu Hakiguswi

Dada yangu amefundisha darasa la kwanza kwa miaka ishirini na mitatu, na kwa miaka yote hiyo sijamsikia akimaliza maneno bila kuyakata vipande. Ukimwuliza sukari iko wapi, atakujibu, "Ju-u ya ka-ba-ti," huku akipiga vidole viwili kwenye kiganja. Hana dharau, ni ulimi tu uliozoea. Mume wake ni fundi seremala, mtu mpole asiye na makuu, na anasema siku aliyomwomba wafunge ndoa alijibiwa, "Ni-me-ku-ba-li," akabaki amesimama pale kitambo kizima akidhani kuna silabi nyingine iko njiani.

Mimi ni mdogo wake wa kike, na ni karani wa shule hiyohiyo. Nasema karani kwa heshima tu, maana kazi yangu ni kupiga barua chapa, kugonga kengele, kutafuta ufunguo wa choo cha walimu na kusikiliza wazazi wanaolalamika kuhusu viatu vilivyopotea. Kati ya ofisi yangu na darasa la dada kuna ukuta wa mbao nyembamba mno, hata mtoto akipiga chafya upande ule mimi huku najipangusa. Ba be bi bo bu naisikia tangu asubuhi mpaka kengele ya mwisho. Siku moja nilimwandikia mkuu wa elimu barua ya kuomba madawati, na baada ya kuituma nikaikagua nakala nikakuta nimeandika, "Kwa heshima na taadhima, ma me mi." Madawati hayakuletwa. Sishangai.

Isitoshe, mimi ndiye mwanafunzi wake wa kwanza kabisa. Nilikuwa na miaka mitano, yeye kumi na mmoja. Alikuwa ananikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, na nikikosea ananifinya sikio. Kwa mwezi mmoja nilijua kusoma. Yeye anasema ni kwa sababu ya njia nzuri ya kufundisha, mimi nasema ni kwa sababu ya sikio, na mpaka leo hatujaelewana.

Njia za kufundisha, jamani! Kila baada ya miaka michache walimu waliitwa semina, na kila semina ilikuja kuwaambia kwamba ile iliyopita ilikuwa imewapoteza. Mwanzo ilikuwa silabi. Kisha akaja mtaalamu akasema silabi basi, watoto wafundishwe sauti za herufi moja moja. Dada akarudi darasani, akawaambia watoto wote waseme "ssss" kwa pamoja. Walisema vizuri sana. Mlinzi wa shule aliingia mbio na rungu, akapekua chini ya kila dawati kumtafuta nyoka, na hakukubali kutoka mpaka alipoonyeshwa herufi yenyewe ubaoni. Hata hivyo aliitazama kwa mashaka.

Semina iliyofuata ikasema mtoto alione neno zima, na kila kitu kibandikwe jina lake. Dada akabandika MLANGO kwenye mlango, NDOO kwenye ndoo, DIRISHA kwenye dirisha, kisha kwa kuwa karatasi zilibaki akaja kumalizia nyumbani. Shemeji alipitiwa na usingizi kwenye kochi Jumapili mchana, akaamka, akatoka kwenda dukani kununua misumari. Mwenye duka akamtazama usoni, akamwambia, "Tulikuwa tunajua, lakini asante kwa kututhibitishia." Alipofika nyumbani na kujiangalia kwenye kioo akakuta amebandikwa MUME katikati ya paji la uso. Hakukasirika. Alisema tu kwamba gundi ya siku hizi ni nzuri.

Ninamcheka, ndiyo, ni dada yangu na nina haki hiyo. Lakini niseme ukweli: watoto wake walikuwa wanasoma. Kila semina aliokota kile kilichomfaa, mengine akayaacha hukohuko na chupa za maji. Silabi alizitumia, sauti alizitumia, vibandiko alivitumia, hadithi aliwasomea mpaka koo likamkauka. Kilichomshinda kilikuwa kimoja tu, vitabu.

Mwaka wa mkasa ninaousimulia tulikuwa na watoto arobaini na wanane na vitabu kumi na viwili. Wiki ya kwanza majalada matatu yalichanwa na ukurasa wa tisa wa kitabu kimoja ukaliwa. Aliyeula hatukumjua, ingawa mimi nina wangu ninayemshuku. Dada akaenda kwa mumewe. Shemeji akafikiri siku mbili huku penseli ikiwa nyuma ya sikio, kisha akatengeneza meza kumi na mbili za pembe nne, kila moja ya watoto wanne, mmoja kila upande. Katikati ya meza akapigilia vipande viwili vya mbao, na kitabu kikawekwa hapo wazi, kimebanwa, hakitikisiki. Dada akaongeza sheria: kitabu hakiguswi. Mtoto anasoma mikono ikiwa nyuma. Anayefungua ukurasa ni mwalimu peke yake, akipita meza hadi meza na mikono iliyooshwa kwa sabuni.

Miezi ilipita, vitabu vikabaki salama kabisa. Wageni waliletwa kuziona meza zile. Mimi mwenyewe nilizisifia kwa kila mtu, na nilikuwa napita pale mara ishirini kwa siku. Hakuna hata mmoja wetu, mwalimu, fundi, karani wala mgeni, aliyewahi kujiuliza mtoto aliyekaa upande wa juu wa kitabu anaona nini.

Muhula wa tatu tukaletewa mwalimu mkuu mpya. Kijana, suruali imepigwa pasi hadi mkunjo wake unaweza kukata mkate. Alimsikiliza dada akisema "Ka-ri-bu sa-na" siku ya kwanza, na nikaona anamhesabia kasoro. Haikuchukua mwezi akaniita nipige barua chapa. Barua ilisema mkaguzi anakuja kuwapima watoto wa darasa la kwanza kusoma, na kama nusu yao watashindwa, mwalimu wao atahamishiwa stoo, akatunze majembe na mipira iliyopasuka, ili darasa lipewe mtu wa kisasa. Nilipiga barua ile kwa hasira mpaka kila herufi o ikatoboa karatasi.

Nilimpelekea dada kwa mkono wangu. Aliisoma amesimama mlangoni, chaki kwenye nywele. Nilidhani atafoka. Akaikunja, akaitia mfukoni, akasema, "Stoo hakuna watoto."

Hakuyakata maneno hata kidogo. Ndipo nilipojua ameumia, na mimi nikaenda chooni kulia, maana ufunguo ninao.

Mkaguzi alifika Jumanne. Alikuwa mzee mwenye mwili, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, na mkoba uliojaa fomu. Alisema hataki kitabu ambacho huenda watoto wamekikariri, amekuja na chake, kipya, ambacho hawajakiona. Akaketi kwenye meza ya mwalimu mbele ya darasa. Mwalimu mkuu akasimama ubavuni pake. Dada akaambiwa asimame nyuma karibu na dirisha na asifungue mdomo. Mimi nikapewa kazi ya kuwapanga watoto kwenye foleni mbele ya ile meza na kuwaleta mmoja mmoja kwenye kiti.

Fomu niliiona. Sehemu ya kwanza ilisema: mtoto ameketi na kushika kitabu sawasawa. Sehemu ya pili: mtoto anasoma. Chini yake, kwa herufi nzito: asiyetimiza sehemu ya kwanza asiendelee na ya pili. Moyo wangu haukushtuka. Nilijiambia, kuketi na kushika kitabu, kwani nani atashindwa hilo?

Mtoto wa kwanza akaketi. Mkaguzi akamwekea kitabu mezani, kimemwelekea vizuri. "Haya, shika kitabu usome."

Mtoto akarudisha mikono nyuma.

"Shika kitabu, mwanangu."

"Kitabu hakiguswi," mtoto akamjibu taratibu, kwa huruma, kwa vile mgeni hakujua.

Mkaguzi akavaa miwani, akaandika kosa. Wa pili naye mikono nyuma. Wa tatu alikuwa msichana mrefu. Aliketi, akakitazama kitabu, akashuka kwenye kiti, akaenda kusimama ubavuni mwa meza, shingo kaipinda.

"Unakwenda wapi?" mkaguzi akauliza.

"Upande wangu."

"Upande wako upi?"

"Huu," akasema, akamwonyesha kwa kidevu. Kosa.

Wa nne alikuwa Kifungo. Tulimwita hivyo kwa sababu shati lake halijawahi kuwa na vifungo vyote kwa wakati mmoja, ingawa mama yake ni mshonaji. Kifungo hata kwenye kiti hakuketi. Aliizunguka meza, akajipenyeza kati ya mwalimu mkuu na mkaguzi, akamgusa mzee begani. "Samahani babu, sogea kidogo. Hapa ndipo pangu."

Mkaguzi kwa mshangao akasogea. Kifungo akasimama pale, kitabu kimemkalia kichwa chini miguu juu, mikono nyuma, akavuta pumzi kuanza.

Hapo ndipo akili ikanijia, na ilinijia kwa kishindo. Nikazitazama zile meza kumi na mbili. Upande mmoja wa kila meza mtoto anaona kitabu kama mimi na wewe. Pande mbili wanakiona kimelala ubavu. Upande wa nne wanakiona kimepinduka. Nikahesabu mara mbili nikitumaini nimekosea. Robo tatu ya darasa walikuwa wamejifunza kusoma kwa njia ambayo hata semina hazijaifikia, na darasa zima hakuna aliyewahi kushika kitabu. Nikageuka kumtazama dada. Naye alikuwa anazitazama meza. Akaketi polepole juu ya ndoo, ile yenye kibandiko cha NDOO, na ilikuwa na maji.

"Pa-ka a-na..." Kifungo alianza.

"Basi, basi," mkaguzi akasema, akafunga kitabu. "Hujashika. Hujaketi. Fomu hainiruhusu nikusikilize."

"Lakini najua."

"Rudi mahali pako."

Aliendelea hivyo mpaka mtoto wa kumi na tano. Wote mikono nyuma. Wengine walizunguka kulia, wengine kushoto, wengine nyuma yake, hata mzee kizunguzungu kikamshika. Mwalimu mkuu alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, na mimi nikatamani kumpiga na kengele. Nilitaka kusema, nilitaka kueleza habari ya meza, lakini kila nikifungua mdomo mkaguzi ananinyooshea kidole. Mwishowe akavua miwani, akafuta jasho.

"Nimeona ya kutosha," akasema. "Sijaona darasa la namna hii tangu nizaliwe."

Akasukuma kitabu pembeni, akavuta fomu ya mwisho, ile ya mapendekezo, akailaza mezani mbele yake, akavaa tena miwani na kuanza kuandika. Aliandika kwa kalamu ya wino, mwandiko wa haraka wa watu wazima, herufi zimeshikana.

Sasa wewe mfikirie mtoto wa darasa lile. Ameona nini? Ameona karatasi yenye maandishi, imelala mezani, haishikwi na mtoto yeyote. Kwake yeye kusoma kumeanza.

Kifungo alikuwa bado anazubaa mbele ya meza, upande wa pili kutoka kwa mkaguzi, na maandishi yalikuwa yamempindukia kabisa, yaani yamekaa sawasawa kwa upande wake. Akarudisha mikono nyuma. Akapaza sauti, ile sauti ya darasani inayopita ukuta wa mbao:

"Mwa-li-mu."

Foleni yote ikasikia mtu ameanza, na kwa dada mtu akianza wote wanaingia. Wakaizunguka meza, kila mtu akakimbilia upande wake, wa kulia kulia, wa kushoto kushoto, wa nyuma wakajazana mgongoni kwa mzee wakimhemea shingoni. Waliobaki kwenye meza zao nao wakanyanyuka. Kufumba na kufumbua mkaguzi amezingirwa na watoto wote, mikono nyuma, hawamgusi, wanamsoma tu.

"A-o-ndo-le-we. Da-ra-sa. La. Kwa-nza."

Mwalimu mkuu tabasamu likamfia. Mimi nilifumba macho, sikutaka kuona uso wa dada. Kuambiwa ufukuzwe ni jambo moja. Kuambiwa na watoto wako mwenyewe, kwa sauti moja, ni jambo lingine.

Nikasikia viatu vilivyolowa vinakuja mbele, chwa, chwa, chwa. Nikafumbua macho. Dada alikuwa amesimama kati ya watoto, sketi inachuruzika maji, anapiga vidole viwili kwenye kiganja, na uso wake unang'aa.

"Te-na!" akasema. "Wo-te!"

Wakasoma tena, safari hii vizuri zaidi, kwa mahadhi. Mkaguzi akafunika maandishi kwa kiganja.

"Babu, toa mkono," sauti ikatoka kushoto. "Huku hatuoni."

Akautoa! Mzee mzima na mamlaka yake, akautoa. Akaitazama karatasi, akamtazama Kifungo, akaitazama tena karatasi. Kisha akaandika mstari mwingine, makusudi, mdogo zaidi na mbaya zaidi kuliko wa kwanza. Watoto wakapinda shingo.

"Na-ni a-me-wa-fu-ndi-sha ku-so-ma mwa-ndi-ko wa-ngu?"

Walipomaliza waligundua kwamba ni swali, na kwa kuwa mikono ilikuwa nyuma, videvu arobaini na vinane vikamwelekea dada.

"Mke wangu nimeishi naye miaka thelathini," mkaguzi akasema taratibu, "na nikimwandikia cha kununua sokoni anarudi na vitu vingine kabisa."

"Lakini mzee," mwalimu mkuu akaingilia, "fomu inasema washike kitabu."

"Fomu inasema," mkaguzi akakubali. "Na watoto wamesema. Wewe umewahi kuwapa kitabu cha kushika?"

Mwalimu mkuu akaanza kutazama viatu vyake. Mkaguzi akapiga mistari miwili juu ya yale maneno ya kwanza, akaandika mapya, na akainua mkono na kalamu ili kila upande uone.

"Mwa-li-mu a-ba-ki," darasa likasoma. "Vi-ta-bu vi-o-nge-zwe."

Mzee alipoondoka mwalimu mkuu alimsindikiza mpaka langoni akimbebea mkoba. Mimi nilienda kugonga kengele, nikaigonga muda mrefu kuliko inavyotakiwa, na wala sikujali. Watoto wakatawanyika. Nikarudi darasani nikamkuta dada peke yake, anakamua pindo la sketi kwenye ndoo.

"Hivi," akaniuliza bila kuinua kichwa, "ile ya mwanzo wa-li-so-ma ni-ni?"

"Ipi?"

"Ya kwanza kabisa. Mimi nilikuwa nasikiliza silabi tu."

Nilitaka kumdanganya. Sikuweza, yeye ndiye aliyenifundisha kusoma. Nikamwambia, "Walisoma: Mwalimu aondolewe darasa la kwanza."

Dada akaacha kukamua. Nikaona vidole viwili vinaanza kugonga kiganja, polepole.

"A-o-ndo-le-we," akahesabu. "Silabi tano. Neno gumu hilo, mdogo wangu." Akanitazama, macho yamejaa machozi na kicheko pamoja. "Na hakuna hata mmoja aliyekwama."